Kangaruu Hakuumbwa Kutuhamasisha

Kila muhula unapoanza, wanachuo wenzangu, tunaletewa mtu wa kutuhamasisha. Huja na suti, na kipaza sauti cha kubana kwenye kola, na mnyama. Zamani mnyama alikuwa tai. Siku hizi ni kangaruu. Eti tuwe kama kangaruu, kwa sababu harudi nyuma, na kwa sababu yeye akiongeza mwendo hachoki zaidi. Ukumbi unapiga makofi, na kabla ya chakula cha jioni maneno hayo yameshakuwa stetasi ya nusu ya hosteli.

Mimi nasoma elimu ya wanyama, mwaka wa tatu, kwa hiyo nina upande na siufichi. Naona kangaruu anaonewa. Lile la kwanza ni nusu uongo. La pili lina ukweli mkubwa ndani yake, ila ni ukweli wenye masharti, na mhamasishaji huyakata masharti yote akabakiza kauli tupu. Nataka tuyaongelee hayo masharti, maana nikisikiliza mazungumzo ya vimbwetani naona tumeanza kulipenda mno neno "bure".

La kurudi nyuma nilimalize haraka. Kangaruu wa nyikani, mwenye miguu mirefu na mkia mnene kama gogo, kurudi nyuma kunampa taabu kweli, ingawa hujivuta kidogo akibanwa. Lakini jamaa zake wanaoishi mitini, huko Papua New Guinea na kaskazini mwa Queensland, hutembea kinyumenyume juu ya matawi bila shida, tena kwa kupiga mguu mmoja baada ya mwingine. Hata huyu wa nchi kavu ukimkuta anaogelea, miguu yake ya nyuma inapiga kwa zamu kama ya mtu. Basi, hilo limekwisha.

Hili la pili ndilo lenye nyama.

Kanuni ya kawaida tunaijua hata bila kuisoma. Mbwa, mbuzi, mbuni, na wewe unayewahi kipindi cha saa moja asubuhi, mkiongeza mwendo, oksijeni mnayotumia kwa dakika inapanda. Ukichora grafu, mstari unakwenda juu karibu umenyooka. Ndivyo ilivyopimwa kwa mnyama baada ya mnyama. Mwaka 1973 Terence Dawson wa Australia na C. Richard Taylor wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya kangaruu wekundu waliofundishwa kwenda juu ya mashine ya kukimbilia, hewa yao ikipimwa. Polepole, chini ya kilometa 6 hivi kwa saa, wanyama wale hawakuruka. Walijikokota, na gharama yao ilipanda kwa kasi ya kutisha. Kisha wakaanza kuruka, na mstari ukaacha kupanda. Ulishuka kidogo, ukalala, ukabaki umelala hadi karibu kilometa 20 kwa saa.

Tulia hapo kidogo, maana wengi tunapita juu ya grafu hii kwenye madesa kama tunavyopita juu ya jina la mwandishi. Chukulia bajaji mbili. Ya kwanza inatoza kwa kilometa, kwa hiyo iende taratibu au mbio, kufika mjini ni bei ile ile. Hiyo ni karibu na hali ya mbwa, maana kwake dakika inazidi kuwa ghali kadiri anavyokaza, lakini dakika zenyewe zinapungua. Ya pili inatoza kwa dakika, na bei ya dakika haibadiliki hata dereva akikanyaga mafuta. Kwenye hii ya pili, kuwahi kunakupunguzia nauli. Kangaruu yuko kwenye bajaji ya pili. Kilometa moja kwa mwendo wa 20 inamgharimu karibu nusu ya kilometa hiyo hiyo kwa mwendo wa 10. Kwa mnyama wa nchi kame, ambako majani yapo leo huku na kesho kule mbali, hilo si jambo dogo.

Inawezekanaje? Jibu kubwa liko kwenye kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Ishike yako mwenyewe nyuma ya kisigino, utaihisi. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na mwenzake Vernon, walieleza mwaka 1975 jinsi kano za miguu ya kangaruu zinavyofanya kazi ya springi. Anapotua, uzito wake unakunja kifundo cha mguu, na kano inavutika. Anapoinuka, kano inajirudi na kumrusha. Kano ya mnyama ikivutwa na kuachiwa hurudisha takriban asilimia 93 ya nishati iliyowekwa ndani yake, na kiasi kidogo tu hupotea kama joto.

Waliocheza manati utotoni hawahitaji maelezo zaidi. Ila angalia nani anafanya nini. Watu wengi hudhani msuli ndio unaomrusha kangaruu, kama kwamba ana mapaja ya ajabu. Kwenye shavu la mguu, kazi kubwa ya msuli ni kushika imara, kama mkono ulioshika panda ya manati. Kinachovutika na kurudi ni mpira. Kushika nako kuna gharama, msuli lazima ulishwe, lakini ni rahisi kuliko kujikunja upya kwa nguvu kila hatua. Na kadiri mwendo unavyoongezeka, anatua kwa nguvu zaidi, kano inavutika zaidi, inarudisha zaidi. Kwa hiyo sehemu nzuri ya kazi ya ziada inalipwa na mruko uliotangulia.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Kangaruu akiongeza mwendo, idadi ya miruko kwa dakika haibadiliki sana. Anachoongeza ni urefu wa mruko. Ni kama bembea. Mtoto akisukumwa kwa nguvu anakwenda mbali zaidi, lakini bembea inakwenda na kurudi kwa mapigo yale yale. Na pumzi imefungwa humo humo. Watafiti wa Australia waliopima aina ndogo iitwayo tamari waliona kuwa pumzi moja inakwenda na mruko mmoja, viungo vya tumbo vikisogea mbele na nyuma na kusaidia kusukuma hewa. Mnyama mzima anapiga mdundo mmoja. Anayetaka kuona uzuri wa kazi ya maumbile auone hapo, wala hahitaji kauli ya kumpa hamasa.

Lakini haya yote ni kwa mwendo gani, na kwa mwili gani?

Tuanze na mwendo. Muda mwingi kangaruu haruki. Anakula. Na akila anasogea taratibu kwa namna inayochekesha mtu asiyeijua: mikono na mkia vinashika chini, miguu ya nyuma inaletwa mbele kwa pamoja. Mwaka 2014 Dawson huyo huyo, miaka 40 na zaidi baada ya ile grafu, akiwa na wenzake wa Canada na Marekani, alionyesha kwa kutumia bamba la kupimia nguvu kwamba mkia unasukuma mbele sawa na mikono na miguu ikijumlishwa pamoja. Yaani ni mguu wa tano kabisa. Lakini hata kwa mguu wa tano, mwendo ule wa taratibu ni wa gharama. Miguu iliyoundwa kuwa springi ni mibaya kwa kutembea. Anayesifu mbio za kangaruu bila kutaja jinsi anavyohangaika akienda polepole amekusomea ukurasa mmoja wa mkataba.

Halafu kuna ukubwa. Kano nyembamba ndiyo inayovutika vizuri, na kano nyembamba ndiyo inayokatika. Kadiri kangaruu anavyokuwa mkubwa, ndivyo kano zake zinavyofanya kazi karibu zaidi na kiwango cha kukatika. Hesabu zilizofanywa kwa vipimo vya kangaruu wa leo zinaashiria kuwa mnyama wa namna hiyo akipita kilo 150 hivi, anaingia kwenye hatari kubwa. Zamani Australia ilikuwa na kangaruu wa uso mfupi, Procoptodon, aliyezidi kilo 200. Je, aliruka? Mwaka 2014 Christine Janis na wenzake walitoa hoja kwamba ukoo ule ulitembea kwa miguu miwili, mguu mbele ya mguu, na ubishi juu ya hoja hiyo haujaisha. Mimi napenda kumwazia anatembea, pengine kwa sababu tu picha yenyewe inanifurahisha.

Upande wa chini mambo ni mabaya zaidi kwa mhamasishaji. Panya-kangaruu wa majangwa ya Marekani Kaskazini huruka kwa miguu miwili vilevile, na kwa macho ya mpita njia ni kangaruu mdogo. Kipimo kinasema vingine. Oksijeni yake inapanda na mwendo kama ya mnyama yeyote. Kano zake ni nene mno kwa mwili wake, kwa hiyo hazivutiki vya kutosha kuhifadhi kitu. Mruko wake una kazi nyingine. Nyoka akishambulia au bundi akishuka, kano nene inaweza kuhimili mruko mmoja mkali wa kuokoa roho. Umbo lile lile la mruko, kazi mbili tofauti kabisa.

Na hapa ndipo tunapofika nyumbani. Sisi tunaye mrukaji wetu, kamendegere. Anaishi kwenye nyanda za Tanzania na Kenya, Serengeti yumo. Ni mnyama wa jamii ya panya, ana kilo 3 hivi, miguu ya nyuma mirefu, mkia wenye kishungi cheusi, analala shimoni mchana na kutoka usiku. Hana undugu na kangaruu. Wamefika kwenye mruko kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 2021 ilichapishwa habari kwamba manyoya yake yanang'aa rangi ya waridi yakimulikwa kwa taa ya urujuanimno, na dunia ikamkumbuka kwa wiki moja. Watu wetu hawamjui. Sungura ana hadithi, fisi ana hadithi, kobe naye anazo zake, ila kamendegere nikiuliza darasani wananitazama kama nimetunga jina.

Jamii ya kamendegere ilikuwemo kwenye vipimo vya warukaji wadogo vilivyochapishwa mwaka 1980, Taylor akiwa mmoja wa watafiti. Jibu: gharama inapanda na mwendo. Hakuna mstari uliolala. Tamari, ambaye ana kilo 5 au 6 tu, yeye anao. Kwa hiyo mahali fulani kati ya kilo hizo chache, au kati ya umbo la mmoja na umbo la mwingine, ile nafuu inaanza. Ukimwambia kamendegere "kuwa kama kangaruu", atachoka tu.

Sasa nifike kwenye neno "bure", ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1998 Baudinette na Biewener walichapisha vipimo vya tamari majike wakiruka na mzigo mfukoni wenye uzito kama wa mtoto. Gharama haikuongezeka. Mtoto anabebwa, kwa lugha ya oksijeni, bila nauli, maana uzito wake unavuta kano zaidi na kano inarudisha zaidi. Ni matokeo mazuri sana. Lakini miaka 12 kabla yake, mwaka 1986, yalichapishwa matokeo yanayofanana nayo, na hayakuwa ya mnyama. Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Taylor yule yule wa kangaruu, na wenzao, waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo kichwani au kwa kamba ya kipaji. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila oksijeni kuongezeka. Baadaye, mwaka 1995, ilielezwa kwamba si suala la springi bali la namna ya kutembea. Mwili wa mtembeaji unayumba kama pendulamu, na wao wakiwa na mzigo wanapoteza nishati kidogo zaidi katika kuyumba huko.

Ni ustadi, nami nauheshimu. Ila fikiria kauli hiyo ikifika mikononi mwa mtu wa bajeti. "Mwanamke wa Kiafrika hubeba bure." Basi bomba la maji la nini? Kisima karibu cha nini? Mwaka 2010 watafiti huko Afrika Kusini waliwapima wanawake wa Kixhosa, na wakasema wazi kwamba safari ya bure hawakuiona. Kubeba kichwani hakukuwa nafuu kuliko kubeba mgongoni, tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, na maumivu ya shingo yalikuwepo. Oksijeni ni bili moja tu. Shingo ina bili yake, na muda wa msichana ambaye angekuwa darasani una bili yake, na mashine ya kukimbilia haipimi hizo.

Ndiyo maana nawaka mtu anaposimama mbele yetu na kusema kangaruu hachoki. Kangaruu analipa. Analipa kwa kano iliyo karibu na kukatika, analipa kila asubuhi anapojikokota kutafuta majani, na ukoo wake umelipa kwa kutoweza kuwa mkubwa huku unaruka. Ukiangalia bili ya oksijeni peke yake utaona mstari uliolala na utashangilia. Na sisi tunaoambiwa tuongeze kozi, tuongeze biashara ndogo hosteli, tuongeze uongozi, "kasi haichoshi", tuna haki ya kuuliza kipimo kilifanywa kwa mwili gani. Mwenzetu anayesoma usiku kucha kwa sababu bumu limechelewa na mchana anauza chipsi, kwangu ni kamendegere. Mstari wake unapanda.

Sisemi haya kwa kumchukia mhamasishaji, anatafuta riziki. Nasema kwa sababu chuo ndicho mahali ambapo kauli ilipaswa kukutana na kipimo, na kipimo kinazidi kukosa nafasi. Nilipopeleka wazo la mradi wangu wa mwaka wa mwisho, kupima mruko wa kamendegere, niliulizwa swali moja: hii inaisaidia nini jamii? Nikashauriwa nitafute mada "yenye tija". Najua swali hilo si la ubaya, fedha ni chache. Lakini Dawson na Taylor wangejibu nini mwaka 1973? Kangaruu juu ya mashine, jamani. Mbinu za aina hiyo hiyo, na mtu yule yule, ndizo baada ya miaka 13 zilizowapima wanawake wa Nairobi, na leo mtu akitaka kubishana kwa ushahidi juu ya mzigo wa maji kichwani, anaanzia hapo. Na bado wanaendelea. Utafiti wa miaka ya karibuni huko Australia unaonyesha kwamba kangaruu akiongeza mwendo hujikunja zaidi kwenye miguu, kifundo kinabadilika, na kano inavutwa zaidi. Nusu karne, mnyama mmoja, na maswali hayajaisha.

Mradi wangu hautapima oksijeni, vifaa hivyo hatuna. Nataka kitu kidogo zaidi: utepe wa kupimia, kipande cha mchanga uliosawazishwa kwenye njia yao, mizani, tochi, na simu yenye kamera ya kupunguza kasi. Urefu wa mruko unausoma mchangani, idadi ya miruko unaihesabu kwenye video, mwendo unautoa humo. Nione kama kamendegere akikimbia anaongeza urefu kama kangaruu, au anaongeza mapigo, au vyote viwili. Barua ya kuomba kibali imeshaandikwa, na msimamizi mmoja amesema atausoma tena mpango wangu nikiufupisha.

Fomu za mada zinarudishwa mwisho wa mwezi na mradi unaruhusu watu wawili. Mwenye tochi nzuri na asiyeogopa kukaa nje usiku anitafute kimbweta cha tatu kutoka mlango wa maktaba, baada ya saa kumi.